Achari ya matango si achari ya ndimu

Nyanya yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakuwa mkali kwa jambo lolote ila achari. Mtoto angeweza kuvunja kikombe cha kauri akasamehewa, angeweza kutoroka chuoni akatetewa mbele ya maalim, lakini athubutu kutia kijiko kimaji ndani ya chupa ya achari! Sauti ya nyanya ingetoka jikoni mpaka barazani: "Kikavu! Kijiko kikavu! Mara ngapi niseme?" Na aliyekosa alinyimwa achari siku ile, akala wali wake hivyo hivyo huku wenziwe wakilamba vidole.

Nyumba yetu ilikuwa Mji wa Kale, Mombasa, na juu yake palikuwa na sakafu wazi ya kuanikia nguo. Ukifika msimu wa ndimu, nguo zilipewa upande mmoja na chupa upande wa pili. Ndimu zilinunuliwa Marikiti kwa kapu, zikaoshwa, zikapanguswa moja moja kwa kitambaa mpaka zikauke, zikapasuliwa mapande manne, zikatiwa chumvi ya mawe na kushindiliwa ndani ya chupa za mdomo mpana. Kisha jua likafanya kazi yake. Kila asubuhi sisi watoto tulizipandisha chupa juu, na kila magharibi tukazishusha, mpaka ganda la ndimu likalainika na maji yake yakawa mazito. Hapo ndipo nyanya alipotia pilipili, tangawizi, bizari na haradali iliyopondwa. Achari ile ilikaa mwaka mzima kabatini bila friji, maana friji yenyewe hatukuwa nayo.

Nasema achari, na najua kijana wa leo akisikia neno hilo atafikiri vile vipande vya embe vilivyokaushwa, vyekundu vya pilipili na sukari, vinavyouzwa pamoja na mabuyu kule Mama Ngina jioni. Hiyo nayo ni achari, sikatai. Lakini mimi nazungumzia achari ya chupa, ile ya kuwekwa kando ya biriani na pilau. Neno lenyewe ni la Kiajemi, limepita Bara Hindi na Ghuba na kila bandari ya Bahari ya Hindi, na kila lilikotia nanga limepata kitu kipya cha kutiwa chumvi. Kisa changu cha leo ni cha kitu kipya hicho, nacho ni tango.

Tango si geni kwetu. Tunalikata kwenye kachumbari, na tuliosoma chuoni tunalijua tangu Suratul Baqarah, aya ya 61, pale Bani Israili walipochoka na chakula cha namna moja wakamtaka Nabii Musa awaombee mazao ya ardhini, na tango likatajwa miongoni mwa hayo. Tena imepokewa kutoka kwa Abdullah bin Jaafar kwamba alimwona Mtume, rehema na amani zimshukie, akila matango pamoja na tende mbivu. Basi tango lina heshima yake ya kale. Lisilokuwa nalo ni ukali wa ndimu, na hapo ndipo dada yangu alipoteleza.

Dada yangu mkubwa ni mjane. Tangu mumewe afariki amejikimu kwa achari ya ndimu na ya embe, anayoitengeneza kwa mikono yake kama nyanya alivyomfunza, na sijapata kumsikia mtu akiilalamikia. Mwezi wa Shaabani uliopita, mwenye duka mmoja wa Eastleigh, Nairobi, alimtaka amtengenezee achari ya matango kwa ajili ya Ramadhani. Alisema wateja wake waliorudi kutoka ng'ambo wanaiulizia. Chupa ishirini na nne, na nusu ya fedha akaituma siku ile ile. Kwa mjane anayehesabu kodi ya nyumba kwa vidole, hilo si jambo dogo. Dada akakubali kabla hajafikiri, na akatengeneza kama anavyojua: akakata matango vipande, akayatia chumvi usiku mmoja, akayaanika siku moja juani, akayachanganya na thomu, pilipili na bizari, akanyunyiza siki iliyozimuliwa kwa maji ili isiwe kali mno, kisha akajaza mafuta yaliyopashwa moto mpaka juu. Chupa zilikuwa za jemu na za asali, zimeoshwa vizuri, na vifuniko vyake vile vile vya zamani.

Siku ya tisa aliniita nimwandikie maneno matamu ya kubandika juu ya chupa. Ndugu msomaji, ukiwa mshairi katika ukoo wa wafanyabiashara hiyo ndiyo kazi utakayopewa. Nilikwenda na kalamu yangu, nikakaribishwa kahawa, nikaonyeshwa mzigo. Chupa zilikuwa zimepangwa mezani safu nne, zinapendeza. Nikaona vifuniko vitatu vimepanda juu katikati.

"Dada, mbona hivi vimefura?"

"Ni joto la Mombasa hilo. Hata mimi nimefura."

Tukacheka. Kisha akafungua kimoja ili anionjeshe, na chupa ikatoa mlio kama soda, mafuta na povu vikamrukia mpaka kifuani. Tulinyamaza wote wawili. Akachukua kijiko, kijiko kikavu, akachota kidogo apeleke mdomoni. Nikamshika mkono. Mimi sikupata hata siku moja katika maisha yangu kumshika dada yangu mkono kwa nguvu, na namna alivyonitazama sitaisahau.

Binti yake alisomea mambo ya vyakula chuo kikuu, na sasa anafanya kazi bara. Nilimpigia simu pale pale, nikamweleza. Hakuniuliza hata hali. "Mjomba, mama asionje. Asionje hata kwa ncha ya ulimi. Na wewe usinuse kwa karibu, usizifungue zilizobaki."

Dada alikuwa akisikia. Akasema kwa sauti ya chini, "Nyanya alikufa na miaka zaidi ya themanini, na achari yake haikumdhuru mtu. Mimi nimefanya kama yeye."

Ni neno la haki, nami sikuwa na jibu. Mimi mizani ninazozijua ni za shairi, si za siki. Jibu alilitoa binti yake jioni, baada ya sala ya isha, na alilieleza vizuri kiasi cha kunifanya nilete kalamu tena, safari hii kwa ajili ya gazeti.

Udongoni, alisema, kuna kijidudu ambacho wataalamu wanakiita Clostridium botulinum. Kimetapakaa duniani, na mboga yoyote iliyogusa udongo yaweza kukibeba. Kikiwa nje hakina neno, kwa sababu hewa hakiipendi. Hujifunga ndani ya ganda gumu na kulala kama mbegu, na mbegu hiyo haifi kwa maji yanayochemka. Huihimili nyuzi 100 za joto. Lakini ukiifungia mahali pasipo na hewa, pasipo na ukali wa kutosha, penye ujoto kama wa jikoni kwetu, huamka, ikazaana, na ikatoa sumu ambayo ni miongoni mwa sumu kali kabisa zinazojulikana. Sumu hiyo yaweza kuwamo bila rangi, bila harufu na bila ladha ya kumwonya mlaji.

Kinachoizuia ni ukali. Wataalamu wanaupima kwa kipimo kinachoitwa pH, ambacho kadiri tarakimu inavyoshuka ndivyo ukali unavyopanda. Mpaka ni 4.6. Chini ya hapo mbegu ile haiamki. Maji ya ndimu yako karibu na 2, yaani yamevuka mpaka kwa mbali sana. Embe bichi nalo ni kali. Lakini tango liko juu ya 5. Thomu, pilipili mbichi na kitunguu navyo viko upande huo huo usio salama.

"Mama," alisema binti kwa upole, "nyanya hakukosea. Ila ndimu ndiyo iliyokuwa ikimlinda. Wewe umemwondoa mlinzi, ukaacha mlango na kufuli."

Na yale mafuta? Tumezoea kudhani mafuta yanahifadhi. Mafuta hayaui kitu hapo. Kazi yake ni kuzuia hewa, na kuzuia hewa ndiko anakokutaka adui huyu. Mwaka 1985 kule Vancouver, Canada, watu 36 waliugua kwa sumu hii baada ya kula mkahawani thomu iliyokatwakatwa na kutiwa mafuta chupani. Msomaji asidhani pia kwamba ni maradhi ya Wazungu. Mwaka 1980 jarida la madaktari la British Medical Journal lilichapisha habari za watu wa hapa Kenya waliopatwa na sumu hiyo hiyo baada ya kula kumbikumbi. Kijidudu chenyewe kiligunduliwa na mtaalamu wa Ubelgiji, Emile van Ermengem, baada ya wapiga muziki waliokwenda mazikoni katika kijiji cha Ellezelles, mwaka 1895, kula paja la nguruwe lililohifadhiwa kwa chumvi, na watatu wakafa. Dada aliposikia la nguruwe alisema, "Basi hilo walijitakia." Binti akamjibu kwamba kijidudu hakiulizi dini.

Dalili zake ni vizuri kila mtu azijue. Mara nyingi huanza baina ya saa 12 na saa 36 baada ya kula: macho kuona vitu viwili viwili, kope kulegea, ulimi kuwa mzito, kumeza kuwa shida, kisha udhaifu kushuka mikononi na miguuni mpaka kufika kwenye misuli ya kuvuta pumzi. Homa kwa kawaida haipo. Mtu wa namna hiyo hapelekwi kwa mganga wala hasubiri asubuhi. Hukimbizwa hospitali, na daktari huambiwa alichokula, kwa kuwa dawa ya kuipinga sumu hufaa zaidi ikiwahi.

Je, chupa za dada zilikuwa na sumu hiyo? Hatukujua, wala jikoni hakuna njia ya kujua. Huenda ilikuwa ni chachu ya kawaida tu iliyojaza hewa chupani. Na zile ishirini na moja zilizokuwa zimetulia, vifuniko vyake sawasawa, nazo hazikuwa na ushahidi wa kuzitetea. Binti alisema zote zitupwe.

Hapo pakawa pazito. Dada yangu ni mtu anayeokota punje ya wali sakafuni akaibusu. Tumelelewa kwamba kutupa chakula ni israfu na israfu ni dhambi, na ile ilikuwa ni mtaji wake wote, matango, mafuta, viungo na chupa, pamoja na fedha ya mtu mwengine ambayo nusu yake alikwisha kuinunulia vitu. Alipendekeza tuzichemshe upya na kuzikamulia ndimu. Alipendekeza zile zisizofura tuzile sisi wenyewe nyumbani, hatuuzi. Akanyamaza. Mwishowe akauliza swali moja tu: "Na akifa mtoto wa mtu huko Nairobi?" Akainuka kutafuta sufuria kubwa. Sikuwa na haja ya kumkumbusha kile tulichofunzwa sote wawili kwenye mkeka mmoja, kwamba madhara hutangulizwa kuondolewa kabla ya kutafutwa manufaa.

Hatukuzitupa hivi hivi, maana paka na kuku wa jirani wana haki zao. Sumu yenyewe, tofauti na mbegu yake, huharibika kwa moto. Tulizilaza chupa zikiwa zimefungwa ndani ya sufuria, tukazifunika maji, tukazichemsha nusu saa kwa mafungu, kisha tukazifukia. Meza na nguo iliyorukiwa na povu tukazisafisha kwa dawa ya kufulia yenye klorini, na mikono tukaiosha kwa sabuni. Ilikuwa karibu na saa nane za usiku tulipomaliza. Asubuhi dada alimpigia simu yule mwenye duka, akamweleza ukweli wote, akaahidi kumrudishia fedha kidogo kidogo. Mtu yule alinyamaza kitambo, kisha akasema hazitaki fedha zake. Anataka achari, hata ikiwa ni baada ya Ramadhani, maadamu ametengeneza mtu anayejua kutupa.

Sasa basi, achari ya matango hutengenezwa vipi?

Mlinzi wake ni siki. Na siki kwetu ina historia. Imepokewa na Jabir katika Sahihi Muslim kwamba Mtume aliwauliza watu wa nyumbani kwake kitoweo, wakasema hakuna ila siki, akaiagiza, akala nayo na kuisifu. Maalim wetu alipofika hapo alikuwa akitueleza pia fiqhi yake, na watoto wa pwani tulimwelewa upesi kwa sababu ya minazi. Tembo likiachwa huchacha mpaka likawa siki. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, ulevi uliogeuka wenyewe kuwa siki umetwaharika. Uliogeuzwa kwa kutiwa kitu ndani yake haukutwaharika. Hayo ni ya sharia, na anayetaka zaidi awaendee masheikh.

Lakini siki ya nyumbani, hata iwe halali kama maji ya mvua, haifai kwa kazi hii ya chupa, kwa sababu haijulikani ukali wake. Leo ni kali, mwezi ujao imepoa. Inayotakiwa ni ya dukani yenye maandishi, na maandishi yaseme asilimia 5 ya asidi. Soma kwa miwani ikibidi. Ziko za asilimia 4, na ziko zinazouzwa ndani ya chupa kuukuu za maji zisizo na maandishi yoyote. Hizo ni za kachumbari. Na ukishaipata siki sahihi, usiizimue kwa maji zaidi ya kipimo ulichopewa. Anayeiona kali aongeze sukari, asiongeze maji. Dada alikuwa amezimua kwa huruma ya ndimi za wateja, na huruma hiyo nusura iwaue.

Kipimo alichokifuata mara ya pili ni cha mwongozo wa Idara ya Kilimo ya Marekani, alioletewa na binti yake, na kimejaribiwa maabara. Nakitoa nusu yake, kinachotosha chupa kama nne za nusu lita. Matango kilo moja na theluthi hivi, machanga, magumu, yasiyokomaa mbegu. Yaoshwe, na kila tango likatwe kidogo upande lilikotoka ua, kwa kuwa hapo pana kitu kinacholegeza nyama yake. Yakatwe visahani vya unene wa nusu sentimita. Vitunguu maji vilivyokatwa vyembamba, vikombe vinne. Chumvi robo kikombe. Chumvi ya mawe safi ni bora, na sisi tunayo ya kwetu kutoka Gongoni na Marereni. Changanya hivyo vitatu, funika kwa barafu, viweke ndani ya friji saa tatu au nne, kisha mwaga maji yake. Barafu hiyo ndiyo inayofanya tango lilie likitafunwa.

Katika sufuria tia siki vikombe viwili, sukari vikombe viwili na robo, mbegu za haradali kijiko kimoja cha kulia na manjano nusu kijiko. Maji hayamo kabisa. Chemsha dakika kumi, kisha tia matango na vitunguu, pasha polepole mpaka yachemke tena. Dada aliongeza pilipili kavu. Viungo vikavu vyaweza kuongezwa na kupunguzwa kwa kupenda; siki haiguswi, na thomu mbichi hatukuongeza. Angalia pia sufuria yenyewe. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na siki huila alumini kama inavyoila shaba. Tafuta ya chuma kisichoshika kutu au ya enameli isiyobanduka.

Chupa ziwe safi na za moto, zijazwe mpaka ibaki nafasi ya upana wa kidole, mapovu ya hewa yatolewe kwa kijiti safi, na mdomo upanguswe. Vifuniko viwe vipya. Hapa ndipo mama wengi watakaponichukia, lakini ule utando laini wa ndani ya kifuniko huziba vizuri mara moja tu. Asiyepata vifuniko vipya aitie achari yake hiyo hiyo ndani ya friji, aile katika wiki chache, na asiseme ameihifadhi.

Kisha chupa zilizofungwa zisimamishwe juu ya kitambaa ndani ya sufuria ndefu ya maji ya moto, maji yapite vifuniko kwa vidole viwili, na tangu yatakapochemka kwa nguvu zihesabiwe dakika kumi. Kuchemsha huku kunaua chachu na ukungu na kutoa hewa. Mbegu ya yule adui hakuiui, nimekwisha kusema. Hiyo inalazwa na siki. Ndiyo maana mtu hawezi kusema nitapunguza siki nichemshe zaidi. Mboga isiyotiwa ukali, kama mahindi au maharage, haiwezi kuhifadhiwa chupani kwa sufuria ya kawaida hata ikichemshwa kutwa nzima. Inahitaji chombo maalumu cha mvuke unaofika nyuzi 116 au zaidi.

Na dakika kumi hizo ni za Mombasa, tulio sawa na bahari. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu, na maji huko huchemka kabla hayajafika nyuzi 100. Mwenye binti aliyeolewa huko amwambie ahesabu dakika 15.

Watu wameniuliza kwa nini tusifanye kama Wazungu wanaochachua matango kwa maji ya chumvi bila siki, majuma matatu au manne, yakajitilia ukali yenyewe. Njia hiyo ni ya kweli, lakini inataka ubaridi wa nyuzi 21 mpaka 24. Ikipita 27 tango hulegea na kuharibika. Tafuteni nyuzi 24 Mombasa mwezi wa Machi, mkizipata niiteni nije nilale hapo.

Dada alitengeneza mara ya pili katika mfungo mosi, chupa nane tu. Nilikuwako. Tulizipanga juu ya taulo mbali na upepo, tukaambiwa tusiziguse mpaka kesho yake, na tulipokaa barazani tukisikilizana na umri wetu, kutoka ndani ikasikika "tik", kifuniko kimoja kimejivuta chini. Baada ya kitambo, "tik" nyengine. Dada alikuwa akihesabu kwa tasbihi. Zilitimia saba. Ya nane haikulia, kifuniko chake kilikuwa kikibonyea na kurudi, basi ikaingia friji tukaila sisi na samaki wa kupaka.

Zile saba ziko kabatini, kila moja na tarehe yake. Binti amesema zikae majuma manne au matano ndipo ziive utamu, na mama yake hatauza hata moja mpaka amalize mambo ya afisa wa afya na alama ya shirika la ubora, maana chakula cha chupa hakiuzwi nchini bila hayo, na miaka yote hiyo ya ndimu tulikuwa hatujui au tulikuwa tukijitia hatujui. Yule wa Eastleigh amepiga simu mara mbili. Mara ya pili aliuliza kama yaweza kuzidishwa pilipili. Dada akamwambia pilipili kavu atazidishiwa apendavyo. Kisha akanigeukia akaniuliza yako wapi yale maneno matamu ya kubandika, na nikakumbuka kwamba karatasi ile niliipangusia povu.